Gauni fupi, buti, na baridi ya Arusha

Mwezi wa saba Arusha si mwezi wa viatu vya wazi. Nimezaliwa hapa, nalijua hilo, lakini kwa miaka kila nikialikwa send-off nilitinga gauni fupi na mchuchumio wa mikanda, nikatetemeka ukumbini mpaka keki ikatwe. Siku niliyoamua kuvaa buti, mama mkubwa alinikagua kuanzia chini akauliza, "Mwanangu, umetokea shambani?"

Hakukosea. Buti zilikuwa nene, za kamba, soli kama tairi la trekta. Gauni la satini liliishia kwenye shavu la mguu, na buti zikaanzia karibu papo hapo. Nami si mrefu, basi nikazidi kuwa mfupi.

Siku hizi naanza na pindo. Likiishia juu ya goti, buti za kifundoni zinatosha, ila mdomo wake uubane mguu. Ukiwa mpana, mguu unakaa kama mchi kwenye kinu. Likishuka chini ya goti, navaa buti ndefu zinazopotelea ndani ya gauni. Kinachoharibu ni kile kipande cha ngozi cha vidole viwili kati ya pindo na buti. Kama huna buti ndefu, taitsi nyeusi na buti nyeusi zitakisitiri. Gauni la sikwini nalivalia buti laini zisizo na bizimu wala zipu za mapambo. Vya kung'aa viwili vinagombana.

Buti zangu nyingi ni mitumba, za soko la Tengeru siku ya Jumamosi, na hapo nina kovu. Niliwahi kuokota jozi iliyoonekana haijawahi kuvaliwa. Tukiwa tunaingia kwa kucheza kupeleka zawadi, soli ya kushoto ikabaki nyuma, imemeguka kama keki kavu. Fundi viatu ndiye aliyenieleza: soli nyingi nyepesi za poliyurethani, aina ya plastiki, huoza kwa unyevu wa hewa hata kiatu kikikaa tu kabatini. Kwa hiyo usidanganywe na upya wa juu. Kunja kiatu, bonyeza soli kwa kidole gumba. Ikinata au ikitoa unga, rudisha. Soli iliyobanduka gundi inashonwa, iliyooza inabadilishwa yote.

Dar sijaribu haya, jasho lingenimaliza. Kule ni sendo zenye kisigino kipana, hasa sherehe ikiwa bustanini, maana kisigino chembamba kinazama kwenye nyasi na wewe unabaki umesimama kama mti. Raba nyeupe nazo zinapendeza na gauni fupi, ila si mbele ya wakwe.

Na soksi, jamani. Vaa nzima. Baada ya ukumbi kuna kwenda nyumbani kwa wenyeji, na buti zinavuliwa mlangoni.