Biriani iliyonitia aibu kwa sababu ya nanaa kavu

Juzi msomaji mmoja kaniandikia: "Dada, mvua hizi kotmiri imeadimika, fungu dogo mia tano! Nikitia giligilani ya unga badala yake mchuzi utaharibika?" Nikakumbuka walima mmoja wa Temeke, moyo ukanishtuka.

Nilikuwa na miezi minne tu tangu nianze kupikia watu shughuli. Biriani ya watu themanini. Alfajiri nikamtuma kijana sokoni, akarudi mikono mitupu. Ilikuwa masika, bustani zimejaa maji. Nyumbani nilikuwa na mfuko wa nanaa kavu. Rojo langu la watu wengi vile hula vikombe vinne vya nanaa mbichi iliyokatwakatwa, basi nami nikapima vinne vya kavu, nikamimina kwenye mtindi na nyama. Kotmiri nikaifidia kwa giligilani ya kusaga, vikombe viwili.

Rojo likageuka naliona. Ile rangi ya vitunguu vya kukaanga ikafifia, likawa jeusijeusi kama tope, na nilipoonja, uchungu ukanikaa kooni. Nikaongeza mtindi, nikaongeza nyanya, nikatia sukari. Wapi! Masinia yakatoka hivyohivyo. Nikamsikia mama mmoja akiuliza, "Hii biriani wametia dawa ya tumbo?" Mwenye shughuli alinilipa salio bila kunitazama usoni. Huu mwaka wa sita, na katika ukoo ule hajanipigia simu hata mmoja. Bado inaniuma.

Jani likikauka maji yanatoka, linasinyaa, na harufu yake inajikusanya mahali padogo. Kijiko kikubwa cha nanaa mbichi iliyokatwa kinatosha kufidiwa na kijiko kidogo cha kavu, yaani theluthi. Na kavu hutiwa mapema ilowe na kuiva na rojo. Mbichi hutiwa mwishoni. Kabla hujaitia, ifikiche viganjani uinuse. Ikinuka kama majani makavu ya uani, itupe.

Lakini kipimo hicho hakifai kwa kila kitu. Kotmiri ikikauka harufu yake inapotea, ukiitia ni kama umetia nyasi. Na giligilani ni mbegu ya mmea uleule, ila ladha yake ni nyingine kabisa. Haiwi kotmiri hata uitie gunia. Tangawizi ya unga nayo ni kali, anza na robo ya kijiko kidogo pale ambapo ungetia kijiko kikubwa cha mbichi iliyokwaruzwa.

Jumamosi iliyopita mvua ilinyesha vilevile, nanaa hakuna, watu sitini. Nikatia kikombe kimoja cha kavu niliyoianika mwenyewe kivulini kwenye ungo, nikakamua ndimu mwishoni. Masinia yalirudi meupe, na shangazi wa bibi harusi akaomba namba yangu. Nililia njiani. Ndugu zangu mnaotaka kuishi kwa kupika, pimeni! Onjeni kabla ya mgeni! Usimwage kitu sufuriani kwa sababu tu kipo kabatini.

Kwa mchuzi wako, dada yangu: unga wa giligilani tia kijiko chako cha kawaida, usiuzidishe. Nunua hilo fungu la mia tano. Mashina yakatekate uyakaange na vitunguu, majani yaweke kando, uyatie ukishaepua.