Tarehe Mosi Juni mjini Apia

Mhariri, swali lenu la wiki hii linatuuliza ni sikukuu gani ya taifa lisilo letu iliyowahi kutugusa, na kwa nini. Kwangu ni Siku ya Uhuru wa Samoa, nchi ya visiwa katika Bahari ya Pasifiki ambako nimefundisha hisabati kwa miaka minne.

Sikutarajia kuguswa, lakini historia ya visiwa hivi inafanana mno na ya kwetu. Samoa, kama Tanganyika, ilitawaliwa na Wajerumani, ikatwaliwa kutoka mikononi mwao katika Vita Kuu ya Kwanza, kisha ikawekwa chini ya udhamini, huko wa New Zealand na kwetu wa Uingereza. Ilijitawala tarehe 1 Januari 1962, siku 23 tu baada yetu. Sherehe, hata hivyo, hufanywa tarehe 1 Juni, kwa sababu Januari ni msimu wa mvua kubwa na vimbunga.

Mwaka wangu wa kwanza, mzee jirani yangu alinigongea mlango kabla ya mapambazuko ili tufuatane na watu wa kijiji chake kwenye gwaride. Alivaa shuka la buluu iliyokolea, lenye mstari mweupe karibu na pindo, lililopigwa pasi hadi mikunjo yake ikasimama. Nilidhani ni vazi la kwaya. Akanieleza, kwa upole na bila haraka, kwamba hiyo ndiyo iliyokuwa sare ya Mau, vuguvugu la kudai haki ya Wasamoa kujitawala, ambalo jina lake kwa Kisamoa lina maana ya msimamo usioyumba, na kwamba zamani kulivaa shuka kama hilo kulitosha kumtia mtu matatani.

Tarehe 28 Desemba 1929 wanachama wa Mau waliandamana kwa amani hapahapa Apia, na polisi wa New Zealand wakawafyatulia risasi. Miongoni mwa waliouawa alikuwamo kiongozi wao, Tupua Tamasese Lealofi III, ambaye kabla ya kukata roho aliwasihi watu wake wasilipize kisasi, kwa kuwa damu yake ilimwagika katika amani. Waziri Mkuu wa New Zealand, Helen Clark, aliomba radhi rasmi mwaka 2002. Mzee alinisimulia hayo tukiwa tumesimama kwenye foleni ya kuandamana, huku bendera ikipanda, na sauti yake ilishuka kama ya mtu anayemtaja marehemu wa nyumbani kwake.

Mchana tulikula magimbi na mashelisheli yaliyookwa juu ya mawe ya moto, pamoja na majani ya magimbi yaliyopikwa kwa tui zito la nazi. Mtu wa Unguja angejiona yuko kwao.

Tarehe 9 Desemba iliyofuata nilimpigia simu baba yangu, aliyekuwa na umri wa miaka kumi tulipopata uhuru, nikamwuliza alikuwa wapi usiku ule. Alikuwa Moshi, amebebwa mabegani na kaka yake, akiutazama mlima gizani kwa sababu aliambiwa Mwenge ungewashwa kileleni. Hakuna hata mmoja kati yetu watoto wake aliyewahi kumwuliza. Tulizungumza hadi salio likaisha.

Msomaji, Apia