Maswali yenu: Imeili ni ya kwako au ya steshenari?

Naomba faida na hasara za kutumia intaneti na imeili. (Mwanafunzi, Dodoma)

Mdogo wangu, swali hili naletewa kila muhula, limenakiliwa lilivyo ubaoni. Chukua moja tu. Barua ya posta kutoka Songea kwenda Dar ilikuwa inalala njiani siku kibao, imeili inafika kabla hujaweka simu chini na gharama ni bando tu. Hasara iko kwenye haraka hiyohiyo, maana tapeli naye anawafikia watu elfu kwa mara moja. Zilizobaki fikiria mwenyewe.

Nimesahau paswedi ya imeili niliyoombea kazi kwenye Ajira Portal. Kijana wa steshenari aliyenifungulia kahama. Nifanyeje? (Dada, Morogoro)

Hapa ndo napapigia kelele miaka yote na sitaacha. Dada, kwanza jaribu kwenye simu uliyowahi kuingilia, Google huwa wanaamini zaidi kifaa walichokizoea. Bonyeza umesahau paswedi, kama ile kodi ya kuthibitisha (tarakimu za SMS) inaenda kwenye namba ya simu usiyoijua basi ni ya yule kijana, waulize majirani zake wa fremu wakupe mawasiliano. Ikishindikana kabisa fungua imeili mpya kwa mkono wako afu uwaulize Sekretarieti ya Ajira, wenye hiyo Ajira Portal, utaratibu wa kubadili.

Mimi daftari la paswedi za wateja nimeliona kwa macho yangu, steshenari moja karibu na stendi, kaunta buku jalada limechanika, kila mstari una jina la mtu, imeili yake na paswedi yake kwa kalamu nyekundu, na paswedi karibu zote zinafanana, jina la kwanza halafu 123. Limewekwa juu ya mashine ya fotokopi, yeyote anayesubiri karatasi zake analifunua tu. Kijana mwenyewe hana ubaya, anawatunzia wateja wanaosahau. Lakini mle kwenye imeili kuna vyeti vyako, CV, namba ya NIDA, na ukisahau paswedi ya akaunti nyingine linki ya kubadilisha inakuja humohumo, kwa hiyo aliyeshika imeili kashika na hizo zingine. Lipia huduma, sawa, ila paswedi andika wewe, namba ya simu weka ya kwako, na usinyanyuke kwenye kiti kabla hujatoka kwenye akaunti. Na uwe unaingia, akaunti ikikaa miaka 2 bila kuguswa Google wanaweza kuifuta.

Nimepata imeili kwamba nimechaguliwa kazi Kanada, nitume laki mbili za viza. (Kaka, Tanga)

Usitume hata mia. Angalia kilichoandikwa baada ya @, kampuni kubwa haiajiri kwa anwani ya Gmail, na ofisi za serikali yetu anwani zao zinaishia na .go.tz. Nimeshalijibu hili mara nyingi mno jamani, na bado watu wananiandikia wakiwa wameshatuma! Kama ni wewe, wapigie mtandao wako wa simu sasa hivi wajaribu kuzuia muamala, afu nenda polisi, Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu 2015. Zile SMS za "ile hela tuma kwa namba hii" zipeleke kwenye namba 15040.

Video ya harusi inagoma kwenda kwa imeili.

Gmail mwisho ni MB 25. Ipandishe Google Drive, tuma linki.

Kwa nini tusihamishie kila kitu mtandaoni, makaratasi ya nini tena? (Mzee, Moshi)

Shikamoo mzee wangu. Makaratasi usiyatupe. Mei 2024 mikongo ya intaneti ya chini ya bahari, EASSy na SEACOM, ilipata hitilafu, mtandao ukadorora Tanzania na nchi jirani, na siku kama hizo mtu ambaye barua yake ya usaili imo kwenye imeili tu anabaki anaangalia kiduara kinazunguka. Barua muhimu ipakue kwenye simu siku hiyohiyo inapoingia, na uprinti nakala moja ukae nayo.

Nimemtumia bosi imeili isiyo yake, inarudi?

Kwenye Gmail inarudi ukiwahi kubonyeza Tendua, una sekunde 5 tu. Ingia kwenye mipangilio kwa kompyuta uzipandishe ziwe 30, ila hii uliyokwisha tuma imeenda, mpigie simu leo umuombe radhi kabla hajaisoma.