Hivi fangasi nao wana baba?

Mwalimu mmoja wa sekondari kaniandikia hivi: "Mwanafunzi wangu kaandika kwenye insha kwamba Persoon ndiye baba wa fangasi. Mwenzangu ofisini anasema iko sawa tu, mimi naona kuna kitu hakijakaa vizuri ila sijui ni kipi. Nimkate maksi? Na mwingine kaandika uyoga ni mmea, huyu nimfanyeje?"

Shikamoo mwalimu. Mkate maksi. Huyo Persoon ni mtaalamu wa zamani wa kuvu, nitamrudia.

Hilo "baba wa" nalipita haraka maana nimeshalilalamikia mpaka sauti imekauka. Sisi tuna Baba wa Taifa, anatosha. Siku hizi kila kitu kina baba, kompyuta ina baba, hesabu ina baba, jenetiki ina baba, na wote wametoka kwenye Kiingereza bila hata kubadilishwa nguo. Kiswahili kina mwasisi, kina mwanzilishi, na usipozipenda hizo sema tu "ndiye aliyeanza kuziainisha vizuri", hakuna atakayekucheka. Ukisema "baba wa fangasi" mtaani kwetu watu wanajua unamsema yule jamaa anayevua viatu kwenye daladala halafu madirisha yote yanafunguliwa.

Na hapo ndo tunafika kwenye ugonjwa wangu mwenyewe, neno fangasi.

Asili yake fupi: Kilatini fungus, wataalamu wengi wanalihusisha na neno la Kigiriki sphongos lililozaa sponji, Waingereza wakalichukua, sisi tukalipata kwenye foleni ya duka la dawa. Sina ugomvi na asili. Ugomvi wangu ni kwamba lilikuja kama mgeni wa siku mbili kwa ajili ya miguu inayowasha, sasa limejimilikisha nyumba nzima na wenyeji wanalala nje.

Juzi nasikiliza redio, sitaitaja, mtangazaji anawaambia wakulima "mahindi yakihifadhiwa na unyevu yanaota fangasi". Mahindi! Nilizima nikakaa kidogo nikawasha tena kuhakikisha sijaota mimi. Hivi mahindi yana vidole? Yanavaa soksi? Bibi yangu angesikia hivyo angeuliza wanapaka dawa gani, ya tyubu au ya unga. Mahindi yanaota ukungu, yanaota kuvu, yanavunda, tuna maneno matatu hapo na kila moja lina harufu yake, wewe unachukua la nne lenye harufu ya viatu. Na kichekesho ni kwamba dakika mbili baadaye mtangazaji huyohuyo akaonya kuhusu sumukuvu. Sumu-KUVU bwana! Neno la wizara, liko kwenye vipeperushi na kwenye mikutano ya vijijini, na tangu watu wa Dodoma na Manyara walipopoteza ndugu zao mwaka 2016 kwa kula mahindi yenye hiyo sumu kila mtu analijua. Hakuna aliyesema "sumufangasi". Sasa kama sumu inatoka kwenye kuvu, kilichoota kwenye hayo mahindi ni nini? Mtu anatamka jibu kwa mdomo wake mwenyewe na halisikii.

Wengine wananijia na hoja kwamba ukungu ni ule wa asubuhi kule Lushoto, kwa hiyo unachanganya. Sijawahi kuona mtu akichanganya mkate na Lushoto.

Haya tumrudie Persoon maana yule mtoto kasoma, tatizo ni lugha tu. Christiaan Hendrik Persoon alizaliwa Afrika, pale Rasi ya Tumaini Jema, mwaka 1761, akapelekwa Ulaya kusoma angali mtoto na hakurudi tena. Akapita vyuo vya Halle, Leiden na Göttingen, na mwaka 1801 akatoa kitabu chake cha Kilatini, Synopsis Methodica Fungorum, kilichozipanga kuvu kwa makundi na majina kwa namna ambayo watu waliweza kuitumia kweli. Kabla yake hali ilikuwa vurugu, Linnaeus mwenyewe, yule mtaalamu wa Uswidi aliyepanga mimea na wanyama wa dunia nzima, alifika kwenye kuvu akaziweka mwisho kabisa wa mimea, halafu mwaka 1767 akaorodhesha kiumbe alichokiita Chaos fungorum, tena upande wa wanyama. Chaos! Yaani mtu mzima ameshindwa akaandika tu "vurugu" akaendelea na safari. Persoon alikuja kufagia chumba hicho, halafu Msweden Elias Fries akaendelea kuanzia 1821. Ndiyo maana hata leo majina waliyoyapitisha wawili hao yana ulinzi wake kisheria kwenye kanuni za majina, ukikuta kwenye jina la kitaalamu la kuvu nukta mbili zikifuatiwa na "Pers." au "Fr." ndo wao hao. Kwa hiyo hata huo ubaba ungegombaniwa mahakamani.

Na maisha yake hayakuwa ya kifahari. Alihamia Paris akaishi kwenye vyumba vya juu kabisa mtaa wa watu wa hali ya chini, hana mke, hana kazi ya chuo, mpaka akaitoa hazina yake yote ya sampuli kwa serikali ya Uholanzi ili apewe pensheni. Sampuli ziko Leiden mpaka leo. Yeye alifia Paris mwaka 1836.

Ila ninachotaka mwalimu amwambie mwanafunzi wake ni hiki. Mwaka 1794 Persoon aliipa jina Puccinia graminis, kuvu inayoshambulia mashina ya ngano. Aina yake moja kali ilionekana Uganda na kupewa jina Ug99, kwa sababu ya Uganda na mwaka 1999, ikavuka Kenya na Ethiopia, dunia nzima ya ngano ikashika kichwa. Wakulima wetu wanaiitaje? Kutu. Wameangalia shina, wameona unga wa rangi ya bati lililochakaa, wakasema kutu. Waingereza nao wanaita hivyohivyo kwa lugha yao na hakuna aliyewaambia wakulima wao waseme fangasi. Mkulima ana jicho, mtangazaji ana kamusi ya duka la dawa.

Basi mimi siku hizi nimechoka, nimekubali yaishe. Fangasi abaki na miguu, kichwa na kila panapowasha, hapo ameshapewa uraia na simfukuzi. Kundi zima ni kuvu. Yenye kofia ni uyoga, ya kwenye mkate na ukutani ni ukungu, ya shambani kama kutu ni kutu, na hamira iliyoumua maandazi ya asubuhi ni kuvu pia, ukiiita fangasi mbele ya mama ntilie utakosa maandazi.

Huyo wa "baba wa fangasi" mpunguzie maksi moja, nusu ya baba na nusu ya fangasi. Aliyeandika uyoga ni mmea naye kakosea, uyoga hautengenezi chakula kwa jua na uko karibu zaidi na wanyama kuliko na mchicha, ila mpe muda arekebishe, Linnaeus alikosea hapohapo na Persoon naye alihesabiwa mtu wa mimea mpaka anakufa.