Nguzo ya darubini uani: tairi la zege au shimo?

Ndugu, umeuliza kama tairi lililojazwa zege litabeba darubini ya inchi 8 (upana wa kioo chake) uani kwako Dodoma. Halitoshi. Ukikuza mara 200, upepo wetu wa kiangazi utaifanya sayari ya Zohali icheze ngoma.

Chimba shimo la sm 60 kwa 60, kina sm 90. Kama kiwanja ni cha udongo mweusi wa mbuga, shuka mpaka tabaka gumu, maana udongo ule huvimba kwa mvua na kupasuka kiangazi, nguzo ikainama. Simamisha nondo 4 za mm 12 zenye ringi, juu valisha bomba la plastiki la inchi 8, mimina zege la 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto). Mifuko 3 ya saruji inatosha. Boliti zizamishe zege likiwa bichi, zikishikwa na ubao uliotobolewa kwa vipimo vya sahani ya chuma itakayoshika stendi juu ya nguzo. Mwagia maji siku 7. Sakafu isiguse nguzo: acha sm 3 za mchanga, la sivyo kila hatua yako itaonekana kwenye picha.

Wengi hukwama hapa: stendi ya ikweta, ile inayozunguka kufuata nyota, mhimili wake lazima uelekee ncha ya kusini ya anga. Sisi tuko nyuzi 6 kusini mwa ikweta, hivyo mhimili huo unakaribia kulala, na stendi nyingi hazishuki hivyo. Mpe fundi wa kuchomelea kazi ya kabari ya chuma ya nyuzi 15, upande mnene kaskazini, iweke chini ya stendi, kisha weka kipimo cha stendi kwenye nyuzi 21 (21 toa 15 ni 6). Izungushe kwa mkono kwanza, uone kama uzito wa kusawazisha haugongi nguzo.

Kama darubini yako ni ya Dobson, inayokaa kwenye sanduku lake chini bila nguzo, sahau yote haya. Jamvi la zege la sm 10 linatosha.