Mtafsiri hayumo kwenye orodha ya wachangiaji

Umeuliza kwa nini dada aliyetafsiri programu yenu haonekani GitHub, tovuti mnakohifadhi msimbo wa programu. GitHub humhesabu aliyeandikwa kuwa mwandishi wa komiti (rekodi ya mabadiliko), na faili zake ulizipandisha wewe kwa jina lako. Kuanzia sasa, kazi yake irekodi kwa amri hii:

git commit --author="Jina <baruapepe>"

Mkishirikiana, acha mstari mtupu mwishoni mwa ujumbe wa komiti, kisha andika Co-authored-by: Jina <baruapepe>. Anwani iwe ileile aliyoisajili kwenye akaunti yake; ikikosewa herufi moja tu, kazi haitaunganishwa naye. Muulize kwanza, maana anwani hiyo itabaki hadharani.

Komiti za zamani usizibadilishe, utawavurugia wote wenye nakala ya mradi. Mwandike kwenye faili la CONTRIBUTORS pamoja na alichofanya: “tafsiri ya Kiswahili”. “Msaidizi” haitoshi, kazi yake ni kubwa kuliko hilo.