Mkanda wa bluu kwa kijana wa miaka 15

Dada, umeuliza kwa nini mwalimu hapo Ujiji hampi mwanao wa miaka 15 mkanda wa bluu wakati anawashinda hata wakubwa. Mwalimu yuko sahihi. Kwa kanuni za IBJJF, shirikisho la jujitsu ya Kibrazili, bluu huanzia miaka 16. Chini ya hapo ni nyeupe, kijivu, njano, chungwa na kijani, basi. Ila umri wanauhesabu kwa mwaka wa kuzaliwa, kwa hiyo kama anatimiza 16 mwakani, hata iwe Desemba, Januari tu tayari ni wa 16.

Mimi ningeangalia zaidi anachofanya ulingoni. Vijana wenye nguvu hukimbilia kukaba shingo, wanasahau pointi. Kumwangusha mtu ni 2, kuipita miguu yake 3, kumkalia kifuani au kumdhibiti kwa mgongoni 4. Pambano la umri wake ni dakika 4 tu. Akiangusha mapema akatulia juu, mwenzake ndiye atakayehangaika na saa. Mtazame pia anavyoshika kola: kiwiko kibane mbavu. Kikichanua, atapindwa mkono sasa hivi.

Na hilo la kumnyima ugali na migebuka ili ashuke uzito, hapana jamani! Wanapima na gi, yaani vazi la jujitsu, mwilini, muda mfupi kabla ya pambano la kwanza, na ukizidi hupimwi tena. Ale, acheze kwenye uzito wake. Kucha tu ndizo azikate.